Mpishi wa Sufuria Kubwa

Siku kufuli la stoo ya kantini lilipogoma, chakula kilikuwa kimeiva na sahani zote zilikuwa ndani ya stoo. Foleni ya wafanyakazi wa kiwanda ilitoka mlangoni, ikazunguka ukuta, ikarudi karibu na pale ilipoanzia. Vijiko viligongwa mezani. Msimamizi wa jiko, bwana mmoja ambaye tumbo lake hufika mahali kabla yake, alikuwa anauliza nani kavunjia ufunguo ndani ya kufuli, na kila aliyeulizwa alipata kitu cha kutazama darini.

Ikabidi aitwe fundi wa vitasa kutoka kibanda cha ng'ambo ya barabara. Alikuja na mfuko wake wa ngozi, shati la buluu limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inataka kukata mtu, akapiga goti mbele ya mlango.

"Fundi, fanya haraka. Ukichelewa hawa watakula wewe," sauti ya kike ilisema nyuma yake.

Akageuka. Aliona kofia nyeupe, aproni nyeupe, barakoa nyeupe, na katikati ya weupe wote huo macho mawili yanayocheka. Mwenye macho alikuwa ameshika mwiko mrefu kama kasia.

"Wakinila, utanipika wewe?"

"Nitakupika. Ila kukuonja siyo kazi yangu, ni ya msimamizi."

Watu wakacheka, kufuli likafunguka, sahani zikatoka. Fundi naye akapewa yake, wali na mchuzi wa kuku. Alikula amesimama, akarudi dirishani na sahani tupu.

"Aliyepika hiki ana mwenyewe?"

"Wapishi wako wengi humu."

"Namuulizia mwenye macho."

"Mwenye macho yuko kazini. Sogea, foleni inakusukuma."

Kesho yake kufuli jipya alilolifunga likahitaji kuangaliwa. Keshokutwa likahitaji mafuta. Msimamizi akasema tangu azaliwe hajaona kufuli linalouguzwa namna ile.

Walikutana nje ya kazi kwenye bustani ya maua nyuma ya maktaba. Mpishi alikuja na gauni la rangi ya ndimu mbivu, viatu vya kamba, na uso mtupu. Fundi akashindwa kuketi.

"Kumbe una kidoti shavuni."

"Kilikuwa kazini siku zote. Wewe ulikuwa unaangalia kufuli."

Basi mapenzi yao yakanenepa kwa simu. Fundi akifunga kibanda, kabla hajafika kwao, ameshapiga.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mlinzi hana macho wala mshahara. Nikipoteza kidole changu kimoja cha chuma, hata mimi bwana wake hanipishi."

"Kitasa. Fundi, vitendawili vyako vyote ni vitasa."

"Haya, tega wewe."

"Naingia majini watu wananiona. Nikishaingia hanioni mtu. Nisipokuwemo, wote wananitafuta."

"Samaki."

"Samaki hatafutwi na wote."

"Nimeshindwa, laazizi."

"Nipe mji."

"Chukua huu wote, na mwenye kibanda cha vitasa ndani yake."

"Nimeuchukua. Ni chumvi."

Hapo yalikuwa matamu. Lakini fundi alikuwa na mdomo mwepesi, na alikuwa na mama. Mama yake alikuwa mshonaji wa mapazia, mjane, mwanamke anayekula kidogo na kusema kidogo. Siku moja mwanawe alimwambia, "Mama, nimepata mpishi," na mama akaiweka ile habari kama mtu anavyoweka kitambaa kizuri, akaitoa kwa kila shangazi na kila jirani. Mkwe mpishi. Mkwe anayelisha kiwanda kizima. Mpishi aliposikia anaitwa hivyo, alitabasamu, kisha akaacha.

Maana kulikuwa na jambo. Katika kantini ile, chakula hupita mikono mingi. Mmoja anakata vitunguu tu. Mwingine yuko kwenye kuku, mwingine kwenye maharage. Chumvi inatoka stoo imeshapimwa kwenye ndoo. Vinywa vyote vimezibwa barakoa, na sheria ya jiko ni moja: anayeonja ni msimamizi peke yake. Mpishi wetu aliingia pale msichana, moja kwa moja kutoka shuleni, akapewa mwiko na sufuria ya wali ambayo mtoto mdogo angeweza kuogelea ndani yake. Aliugeuza wali ule miaka yote hiyo na hakuna aliyemfikia. Cha mchana alikula hukohuko, cha jioni alifungiwa hukohuko. Nyumbani jiko lake la gesi lilikuwa linang'aa kama la dukani. Kazi yake ilikuwa chai.

Kupikia meza ya watu watatu hakujua. Hakuwahi.

Angesema siku ile ya kwanza dirishani, wangecheka yakaisha. Siku ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mama mkwe alipokwisha kumtangaza, haikusemeka tena. Na fundi, kama mwanamume yeyote anayependa, alitaka kuja kula kwake.

"Leo gesi imeisha, mpenzi."

"Leo wanapaka rangi ukuta."

"Leo nimechoka, nisubiri chini kwenye ngazi, nashuka."

Fundi akawa anasubiri kwenye ngazi. Alisubiri sana. Mtu akisubiri sana kwenye ngazi huanza kuhesabu taa za madirisha na kuwaza nani yuko ndani. Jioni moja simu yake haikuanza na kitendawili.

"Niambie ukweli. Huko kwako kuna mtu?"

"Mtu gani?"

"Wa kiume."

"Hakuna."

"Basi kwa nini mimi naishia ngazini kama mleta maziwa?"

Mpishi alifungua mdomo. Ukweli ulikuja mpaka kwenye meno, ukarudi.

"Haya," fundi akasema taratibu. "Jumapili nakuja na Mama. Anataka kula mkono wako. Ukisema hapana, nitajua mlango wako umefungwa kwa nini. Na mlango wa namna hiyo mimi siujui kuufungua."

Akakata simu. Mpishi akabaki ameishika sikioni. Akikataa, ana mwanamume ndani. Akikubali, aibu yake itawekwa mezani na kugawiwa kwenye sahani. Alitazama chumba chake, meza, viti, pazia la maua, na kila alichotazama kilikuwa kimesogea karibu kidogo.

Alimweleza mtu mmoja tu, mkata vitunguu, rafiki yake wa kantini, mwanamke mwenye macho mekundu na roho nyeupe.

"Nunua chakula hotelini, pasha moto, weka mezani," mkata vitunguu akasema.

"Yule fundi amefunga vitasa vya hoteli zote. Anajua mchuzi wa kila mlango."

"Basi nije nikupikie mimi."

"Na nikiolewa nitakuweka wapi, shoga? Chini ya kitanda, uwe unatoka saa za kula?"

Walicheka mpaka msimamizi akawatazama. Halafu mpishi akaacha kucheka, machozi yakamlenga, na safari hii hayakuwa ya vitunguu. Rafiki yake akamsogelea. "Sikiliza. Wali unaujua. Mchuzi nitakueleza kwa mdomo, hatua kwa hatua. Shika vizuri."

Jioni zilizofuata, lile jiko la kung'aa likajua kazi. Wali wa kwanza aliumwagia maji kwa jicho la sufuria kubwa, ukawa uji wa mgonjwa. Akajifunza kuwa sufuria ndogo haina kiu. Wali wa pili aliuwashia moto wote, kwa kuwa kantini moto ni wote siku zote. Chini ukawa mkaa, juu punje zikawa mbichi. Akajifunza kuupunguza moto mpaka unong'one. Mkono ulikuwa mgumu kuliko yote. Alikuwa anataka kuchota mchele wa kikombe na kujikuta amechota wa ndoo; anatupa chumvi kama anapanda mbegu shambani. Akawa anajipiga kofi mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. "Watatu," alijiambia. "Watu watatu, wewe mkono."

Mpaka Jumamosi sufuria yake ndogo ilitoa wali mweupe, punje moja moja. Aliula na chai, akalala akitabasamu.

Jumapili walikuja. Fundi amevaa suruali ya kijivu na shati jeupe, na uso wa mtu anayekuja kusikia hukumu. Mama amejifunga kitambaa cha zambarau kichwani, ameshika mkoba mweusi mapajani kama yuko kwenye kituo cha basi.

"Shikamoo, Mama. Karibu, jisikie nyumbani."

"Marahaba, mwanangu. Nimekaribia."

Fundi hakuketi. Alizungukazunguka sebuleni, akachungulia chumba cha kulala, akarudi. Hakukuta viatu vya mwanamume wala harufu yake. Akazidi kuchanganyikiwa.

Jikoni, kuku alikuwa tayari. Mpishi alifuata kila neno la rafiki yake. Chemsha kuku, weka chumvi. Kaanga vitunguu, weka chumvi. Tia nyanya, rudisha kuku, malizia na chumvi. Rangi ilikuwa nzuri, mafuta yameelea juu kama yanavyoelea kantini. Kwa jicho, hakuna wa kumkosoa.

Ila wali. Ule wali wa kujifunzia ulikuwa wa mtu mmoja. Leo ni wa watatu, akaazima sufuria pana kwa jirani, na mbele ya sufuria pana mkono wake ukajiona uko kazini. Ukawasha moto wote. Alipogeuka kutoka kwenye kuku, moshi ulikuwa umeshapanda ukutani.

Akauzima moto. Akakimbilia mlango wa jiko aufunge, moshi usifike sebuleni. Aliuvuta kwa nguvu. Mlango ukajifunga, na kishikio cha kitasa kikabaki mkononi mwake.

Alikitazama kile kishikio. Alitazama tundu kilipotoka. Dirisha la jiko lile lilikuwa na nondo, linapitisha moshi na paka tu. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mpenzi," fundi alisema upande wa pili. "Nasikia harufu."

"Ndiyo."

"Mbona umejifungia?"

"Sikujifungia. Kishikio kimetoka."

"Hicho ni kitu kidogo. Ngoja nitoe bisibisi."

"Usifungue."

Bisibisi ilikuwa imeshagusa chuma. Ikasimama.

"Kwa nini nisifungue? Kuna nani humo?"

"Niko mimi na wali ulioungua."

"Mwingine?"

"Na kuku."

Fundi akaegemeza paji la uso kwenye ubao. "Fungua moyo basi, kama mlango hutaki. Nimechoka."

Mpishi alivuta pumzi, akakohoa moshi. Kwa kuwa haonekani, neno likatoka. "Sijui kupika."

"Wewe ni mpishi."

"Mimi nageuza wali wa sufuria kubwa. Mchuzi uliokula siku ile ni wa mtu mwingine, vitunguu vya mwingine, chumvi imepimwa na mwingine. Nipe watu mia tatu nitashika mwiko wangu. Watu watatu wamenishinda."

"Kwa hiyo nilikuwa nasimama ngazini..."

"Kwa sababu ya jiko. Hakuna mwanamume, fundi. Kuna jiko."

 Kisha viatu vya mama vikaja taratibu kwenye ujia.

"Mbona unazungumza na ubao?" akamwuliza mwanawe. Fundi akamweleza kwa maneno machache. Mama alisikiliza, akasogea mlangoni.

"Mwanangu, wali umeungua?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Na kuku?"

"Kuku ameiva. Rangi yake nzuri."

"Umeonja?"

 Mpishi alikuwa anaitazama sufuria kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake akalisahau. Katika jioni zote zile za uji na mkaa, katika hatua zote za mkata vitunguu, jambo hilo, kuonja kabla ya kupakua, halikupita kichwani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekwenda wenyewe mdomoni, kuangalia kama barakoa ipo.

Akachukua kijiko. Akachota mchuzi, akapuliza, akaweka ulimini. Macho yakamtoka maji.

"Mama, hii ni chumvi iliyowekwa kuku."

"Uliitia mara ngapi?"

"Wakati wa kuchemsha. Na kwenye vitunguu. Na kumalizia."

"Na katikati hapo hukuuliza ulimi?"

"Kazini haturuhusiwi."

Mama akamgeukia mwanawe. "Hawaruhusiwi," akasema, kama anayemtafsiria. Kisha akasema tena mlangoni, "Huku siyo kazini. Mwambie akufungulie, utakufa kwa moshi."

"Fungua, fundi," mpishi akasema.

Alifungua kwa bisibisi moja. Mpishi alitoka na kuku mkononi, gauni lake la njano limechorwa masizi, kidoti cha shavuni kimepata ndugu wengi. Mama alivua pete, akavisuuza vile vipande vya kuku kwa maji ya moto, akaomba mkate na chai. Wakala bila kutazamana.

"Chai yako ni nzuri," mama akasema. 

Mpishi aliwasindikiza mpaka kwenye ngazi. Mama alitangulia kushuka. Fundi akabaki.

"Mimi sijali wali," alisema. "Ila uliniacha nikufikirie ubaya ule, siku zote hizo, ukaona ni afadhali kuliko nijue hujui mchuzi. Hilo ndilo linalonichoma."

"Na wewe ulinitangaza kwa ukoo mzima kabla hujaniuliza. Ningetokea wapi?"

Fundi akatia bisibisi mfukoni. Akashuka.

Simu ikanyamaza. Mpishi aliendelea kwenda kazini, kuvaa barakoa, kugeuza wali wa watu, kurudi. Mlango wa jiko lake aliuzuia kwa kiti, usije ukamfunga tena. Na akapika. Hakuwa na mgeni wa kumpikia. Alipika kwa sababu ulimi ulikuwa umeamka na haukukubali kulala tena. Aligundua kitunguu kibichi kinang'ata na kikikaa kwenye moto mdogo kinakuwa kitamu. Aligundua nyanya ina ukali wake, ukiiharakisha inakulipizia. Siku moja aliweka chumvi kidogo, akaonja, akaweka tena kidogo, akaonja, akacheka peke yake na kijiko mdomoni. Halafu akakumbuka hakuna wa kumsimulia, akazima moto.

Fundi naye hakuwa na raha. Alikata ufunguo wa mteja ukatoka wa mlango mwingine. Mama yake, huku sindano iko midomoni, alimwambia, "Umekuwa kama pazia lisilo na fimbo. Jiko la watu umeliacha bila kishikio, na unajiita fundi."

Jioni hiyo akapiga.

"Mlango wa jiko uko wazi au umefungwa?"

Mpishi akaketi chini palepale alipokuwa. "Nimeuwekea kiti."

"Nina kishikio kipya."

"Kilete."

"Nikija nitaishia ngazini?"

"Ngazini hakuna kitasa, fundi. Utafunga nini huko?"

Alikuja na mfuko wake wa ngozi. Alifunga kishikio, akaufungua mlango na kuufunga mara kadhaa, akarudi kuufungua. Kazi ilikwisha na hakuondoka.

"Nisamehe," alisema. "Nilikutangaza kabla sijakujua."

"Nami nisamehe. Nilikuficha kitu kidogo mpaka kikawa kikubwa kuliko nyumba." Akamkabidhi kisu. "Kata hivi vitunguu. Vyembamba."

Fundi alikata vitunguu kama anakata chuma, kimoja kikaruka mpaka dirishani. Mpishi akamcheka. Alimweleza kwamba mkata vitunguu wa kantini angemfukuza kazi kabla ya chai. Fundi akamweleza habari ya ufunguo uliofungua mlango wa jirani wa mteja, na mteja alivyoingia akakuta si kwake. Mpishi alichota mchuzi akamlisha, yeye akaonja kwenye kijiko hichohicho. "Bado," wakasema pamoja. Wakaketi sakafuni jikoni, migongo kwenye kabati, sufuria ndogo katikati yao, wakala na kuzungumza. Fundi akasema baba yake alikuwa hawezi kulala bila kuhakikisha mlango. Mpishi akasema tangu mama yake afariki hajawahi kula na mtu mmoja. Ama mia tatu, ama peke yake.

 Fundi akaufuta mkono wake kwenye suruali ya kijivu, akaushika wa mpishi.

"Nioe," alisema. "Yaani, nikuoe. Nimekuwa nikilipanga neno hili tangu ngazini na bado limetoka kichwa chini."

Mpishi alimtazama, macho yaleyale, na sasa uso wote ulikuwepo.

"Nitakujibu. Kwanza niambie ukweli, hukumu yako mwenyewe. Leo chumvi ilikuwaje?"

Fundi aliinama kwenye sufuria. Ilikuwa tupu, imefutwa mpaka chini. Akafikiri, akalamba mdomo, akatafuta kwenye kumbukumbu kama anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Sikumbuki," alisema mwisho, kwa aibu. "Sikuiona."

"Mimi pia," mpishi akasema. "Haya. Nioe."